Wimbo Unapogoma Kutoka



  Barua ya Katibu ilinitaka niseme juu ya muziki na kijana. Hilo ni jambo pana mno, na harufu ya pilau inayotoka jikoni inaniambia kwamba sina saa nzima. Kwa hiyo nimeomba ruhusa nipunguze mada, niseme juu ya jambo moja ambalo vijana huniuliza waziwazi na watu wazima huniuliza kwa siri. Mtu amekaa nyumbani, ana gitaa au kinanda, ana simu au kompyuta ya kurekodia, nia anayo na wakati anao, lakini wimbo hauji. Afanyeje?

Niseme mapema kwamba mimi si mwanamuziki wa kulipwa. Kazi iliyonilisha na kuwasomesha watoto wangu ni upimaji wa ardhi. Muziki ni kazi yangu ya jioni na ya Jumamosi, katika chumba kidogo cha uani. Chumba hicho kina gitaa, kinanda kidogo cha umeme, kompyuta aliyoniachia mwanangu, na mablanketi mawili niliyoyatundika ukutani ili kupunguza mwangwi. Mvua ikinyesha juu ya bati, kurekodi husimama. Jogoo wa jirani akiamka, husimama tena. Katika chumba hicho nimetunga nyimbo za kwaya, za harusi na za misiba, na ndani yake pia nimekaa jioni nyingi bila kuambulia hata mstari mmoja. Ninayosema leo nimeyapata humo, na mengine kwa kusoma habari za waliotutangulia.

Ndugu zangu, jambo la kwanza ninalotaka mlishike ni kwamba kukwama si dalili ya kukosa kipaji. Yuko mtunzi mmoja wa Urusi, Sergei Rachmaninoff, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa dunia. Mwaka 1897, akiwa kijana wa miaka 23, simfonia yake ya kwanza ilipigwa mjini St. Petersburg. Mazoezi yalikuwa hafifu, upigaji ulikuwa mbaya, na wahakiki wakaichana vipande vipande. Kijana yule alivunjika moyo hata ikapita karibu miaka mitatu bila kutunga kazi yoyote kubwa. Mwanzoni mwa mwaka 1900 ndugu zake walimpeleka kwa tabibu mmoja, Dk. Nikolai Dahl, aliyekuwa akimtuliza na kumwambia siku baada ya siku kwamba ataanza kuandika, na kwamba kazi itakuwa nyepesi. Akaanza. Konseto yake ya pili ya piano ilipigwa yote mwaka 1901, nayo inapendwa duniani kote mpaka leo. Aliitoa kwa heshima ya tabibu yule.

Lakini sehemu ya habari hii inayonigusa zaidi ni ya mwisho. Simfonia ile iliyolaaniwa haikupigwa tena maishani mwake. Alifariki mwaka 1943. Mwaka 1945 ikapigwa upya mjini Moscow, baada ya kuunganishwa kutoka katika karatasi za wapigaji zilizokuwa zimehifadhiwa, na watu wakaona kwamba ilikuwa kazi nzuri. Yaani kijana yule alinyamaza miaka mitatu kwa sababu ya hukumu iliyotolewa mapema na watu walioisikia mara moja tu, tena ikiwa imepigwa vibaya.

Na sisi tulio nyumbani je? Sisi hatuna wahakiki wa magazeti. Lakini kila mmoja wetu ana hakimu kichwani mwake, naye ana haraka kuliko wahakiki wa St. Petersburg. Hujamaliza mapigo manne, ameshasema, "Huu unafanana na wimbo wa fulani." Hujaandika mstari wa pili, ameshasema, "Nani atasikiliza haya?" Unafuta. Unaanza tena, unafuta tena. Saa nne za usiku zinafika, umefuta mambo kumi na huna hata moja. Hicho ndicho ninachokiita kukwama. Mara nyingi mawazo yapo, ila hakimu anawahi kufika kabla fundi hajamaliza kazi.

Nyumbani kuna taabu nyingine ambayo wanamuziki wa zamani hawakuwa nayo kwa kiasi hiki. Bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970, zilizorekodiwa katika studio za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zilikwenda kule na wimbo uliokwisha kupikwa. Wanamuziki walikuwa wameupiga pamoja katika mazoezi na mbele ya watu. Studio haikuwa yao, muda ulikuwa na mwisho, na wenzao walikuwa wakingoja zamu. Mtu akikwama kwenye gitaa la pili, mwenzake wa besi alimvusha. Leo kijana yu peke yake chumbani. Hakuna anayemvusha, hakuna saa inayomfukuza, na kompyuta inampa sauti za ngoma mia tano achague. Atachagua mpaka kuche. Wingi wa njia nao humpoteza msafiri.

Fikirini habari ya Bruce Springsteen wa Marekani. Mwaka 1982, akiwa nyumbani kwake katika jimbo la New Jersey, alirekodi nyimbo kwa mashine ndogo ya kaseti yenye nafasi ya sauti nne tu. Alikusudia ziwe mfano wa kuwaonyesha wanamuziki wa bendi yake. Walipojaribu kuzipiga na bendi nzima, nyingi hazikufikia utamu wa ile kaseti. Mwishowe kaseti yenyewe ndiyo iliyotengenezewa santuri, ikaitwa Nebraska. Karibu zaidi na kwetu, magharibi ya Kenya, wapigaji wa mtindo wa omutibo kama marehemu George Mukabi walifanya muziki wa kuchezesha watu kwa gitaa moja kavu, na mapigo yake yakashikwa kwa chuma kikigongwa juu ya chupa ya soda. Vifaa vilikuwa vichache, kwa hiyo mikono ilijua pa kwenda.

Sasa niwaeleze jambo lililonipata mimi, ambalo baadhi yenu tuliomaliza pamoja mwaka 1984 mnalifahamu.

Miaka michache iliyopita tulifiwa na mwenzetu aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya shule yetu. Sitamtaja jina, maana familia yake haiko hapa. Siku ya mazishi mama yake mzazi alitushika mikono, akasema, "Wanangu, siku ya arobaini mtamwimbia mwenzenu." Kila mtu akanitazama mimi. Nikasema, "Mama, tutaimba."

Nilirudi nyumbani nikakaa chumbani. Siku ya kwanza sikupata kitu, na ya pili vivyo hivyo. Nilitaka wimbo unaolingana na urafiki wa miaka mingi, na kila nilichopata kilikuwa kidogo mbele ya huzuni ile. Zilipita siku 25 nami sina hata kiitikio. Wenzangu walipiga simu kuulizia, nami sikuwa na la kuwajibu. Msione ni jambo dogo. Mwanamke mzee alikuwa akihesabu siku, akingoja wimbo wa mwanawe, na siku zenyewe zilibaki 15.

Ndipo nilipoikumbuka kazi yangu ya mchana. Mpima ardhi akifika porini haanzi kupima popote. Hutafuta kwanza bikoni, yaani nukta ambayo mahali pake panajulikana kwa hakika, na kutoka hapo hupima hatua kwa hatua mpaka kiwanja kizima kinapatikana. Nikajiuliza: katika habari hii yote, ni kitu gani ninachokijua kwa hakika? Jibu likaja bila taabu. Nilikijua kishindo cha vijiko vyake. Sote tuliokula naye bwaloni tunakijua. Chakula kikichelewa alikuwa akichukua vijiko viwili na kupiga juu ya meza, na meza zote zikajibu, mpaka mwalimu wa zamu alipotokea mlangoni.

Basi nikafunga kompyuta. Nikachukua vijiko viwili na meza, nikapiga mapigo yale yale, nikayanasa kwa simu. Kisha nikajiwekea amri tatu. Ya kwanza, kila usiku nusu saa tu kwa saa ya ukutani, hata kama mambo yananoga. Ya pili, chombo kimoja tu juu ya vijiko, nacho ni gitaa. Ya tatu, hakuna kufuta wala kusikiliza nilichorekodi mpaka Jumamosi. Nilifanya hivyo usiku nane. Jumamosi nikasikiliza vyote kwa pamoja, na mke wangu akiwa pembeni anachambua mchele. Vingi havikuwa na maana. Lakini katika kimoja mke wangu aliinua kichwa akasema, "Hicho rudia." Nikarudia. Hicho ndicho kilichokuwa kiitikio.

Maneno nayo yalikuja kwa njia ya kizamani, njia ya mizani. Nilijifunga na shairi la mizani nane kwa nane. Mstari wa kwanza niliouandika ulisema: "Ngoma iko ukutani, mwenye kuipiga kenda." Niliusema kwa sauti mara ishirini, nikitembea uani, mpaka ukaanza kuimbika wenyewe. Wiki iliyobaki tulifanya mazoezi na wenzangu saba, na siku ya arobaini tukaimba, vijiko mezani. Mama yule hakusema neno. Alichukua vijiko kutoka mkononi mwangu akaondoka navyo ndani.

Kutokana na hayo, na mengine kama hayo, nawaachieni mashauri machache. Vijana, andikeni kama mnapenda.

La kwanza, tenganisheni siku ya kutunga na siku ya kuhukumu. Hakimu si adui, maana bila yeye tungejaza dunia takataka. Lakini apewe siku yake. Siku ya kutunga ni ya kukusanya tu, kibaya na kizuri. Siku ya kuhukumu ni ya kupepeta. Mkulima hapepeti mpunga ukiwa bado shambani.

La pili, jiwekeeni mipaka kabla hamjaanza. Amueni leo ni ala mbili tu, au ni sauti tano tu za kinanda, au ni nusu saa tu. Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza, na rafiki yake mchoraji Peter Schmidt, walitoa mwaka 1975 boksi la kadi zenye maagizo mafupi. Mtu akikwama kazini huchomoa kadi moja bila kuchagua, akaifuata. Si lazima mnunue kadi hizo. Chukueni kopo la maziwa, mtie vipande vya karatasi mlivyoandika wenyewe: "Anza na kiitikio." "Punguza mwendo nusu." "Ondoa ngoma." "Imba kama bembelezo la mtoto." Siku ya kukwama, tieni mkono koponi. Faida yake ni kwamba uamuzi mmoja umekwisha kutolewa, na hakimu hakuulizwa.

La tatu, wekeni akiba. Ghala tupu halilishi mtu, na wengi wanaosema wamekwama, ukweli ni kwamba wamekaukiwa: hawajasikiliza jambo jipya mwezi mzima. Beethoven alikuwa na madaftari ya kuandikia vipande vya tuni, na alivirudia na kuvigeuza kwa muda mrefu kabla havijawa kazi kamili. Ninyi mna simu mifukoni, na hiyo ni daftari. Naseni wimbo wa bibi anayetwanga, mwito wa muuza samaki, mlio wa gurudumu la mkokoteni. Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri mjini Bombay mwaka 1928, aliimba mambo ya mji wake mwenyewe, hata kesi zilizokuwa midomoni mwa watu. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mauaji yaliyotokea kweli. Hakwenda mbali kutafuta habari. Na jirani zetu wa Kenya, walipotaka wimbo wa taifa mwaka 1963, tuni yake ilitoka katika bembelezo la Wapokomo wa Mto Tana. Wimbo ambao mama alimlazia mtoto sasa unasimamisha taifa zima. Kama bembelezo linaweza kazi hiyo, msidharau mlichonacho nyumbani.

La nne, tumieni lugha yenu kama chombo. Kiswahili kina mkazo wake, nao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RA-ka, u-ku-TA-ni. Tuni ikiweka pigo zito mahali pengine, mwimbaji hujikwaa na msikilizaji haelewi. Ndiyo maana nyimbo nyingi za kwaya zilizotafsiriwa kutoka Ulaya hukwaruza masikioni: maneno ni yetu, lakini mapigo yalikatwa kwa lugha nyingine. Mkikwama kwenye tuni, acheni ala. Semeni mstari kwa sauti, polepole, kisha kwa nguvu, kisha kama mnamwita mtu ng'ambo ya mto. Sauti itapanda na kushuka yenyewe. Nusu ya tuni imo humo tayari.

La tano, malizeni. Hata wimbo dhaifu umalizwe, uwe na mwanzo, beti mbili na mwisho. Mwenye nyimbo kumi zilizokwisha, japo saba ni dhaifu, amejifunza kumaliza mara kumi. Mwenye mianzo mia moja amejifunza kuanza tu. Na ukiisha malizika, mtafutieni msikilizaji mmoja mwaminifu. Wa kwanza awe mmoja tu, tena asiwe mtu wa kusifu kila kitu. Mimi nina mke wangu na mchele wake.

La sita ni la tahadhari. Si kila ukimya ni kukwama. Mtu aliyefiwa, mgonjwa, au aliyechoka kwa kazi ya wiki nzima, huenda anachohitaji ni usingizi, chakula na kukaa na watu. Asijilaumu, na wala asilazimishe. Apumzike akijua kwamba atarudi, na ajiwekee siku ya kurudi.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijakaa nina ombi kwa Chama na ombi kwa wanafunzi. Kwa Chama: naomba tuchangie ili chumba kimoja cha shule kiwe chumba cha muziki, chenye gitaa mbili, ngoma na kinasa sauti kimoja, basi. Msinunue vingi. Nimekwisha kueleza sababu. Mimi nitatoa gitaa moja. Kwa wanafunzi: nataka kila mwenye nia, pamoja na mwenzake mmoja wa kumsikiliza, alete wimbo mmoja uliomalizika katika mkutano wetu wa mwakani. Beti mbili na kiitikio zinatosha. Sisi wazee tutasikiliza wote mpaka mwisho, na siku hiyo hatutahukumu.

Mkikosa ala, bwalo lipo, na vijiko vipo.